Mbona kipimo bado kinaonyesha malaria baada ya kumaliza dawa?

Mtoto amepimwa malaria, amepewa dawa mseto, amemaliza dozi na homa imeisha. Wiki mbili baadaye anapata homa nyingine, anapimwa tena, na mistari miwili inatokea. Je, dawa imeshindwa? Si lazima, msikilizaji wetu. Tuangalie kwanza kipimo hicho kinatafuta nini.

Kipimo kinavyofanya kazi

Kipimo cha haraka, yaani mRDT, hakioni vimelea vya malaria. Vipimo vingi vya aina hii hutafuta protini iitwayo HRP2, inayotengenezwa na kimelea cha Plasmodium falciparum, ambacho ndicho kinacholeta malaria nyingi nchini Tanzania.

Kinachoinasa protini hiyo ni kingamwili. Mwilini, kingamwili ni walinzi, na kila aina hushika kitu chake, kama ufunguo na kufuli lake. Zile za kwenye kipimo hutengenezwa maabara, kwa mbinu iliyobuniwa mwaka 1975 na César Milstein na Georges Köhler huko Cambridge, Uingereza, kwa kutumia seli za panya.

Tone la damu na maji maalumu yakishawekwa, kingamwili zilizobeba chembechembe ndogo sana za dhahabu hushika HRP2 na kusafiri nayo kwenye utepe. Kwenye mstari wa T kuna kingamwili nyingine zinazosubiri. Zikiinasa hapo, mstari unaonekana. Mstari wa C huonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi. Usipotokea, majibu hayo hayafai na mgonjwa apimwe upya.

Kimelea hufa, protini hubaki

HRP2 humwagika kwenye damu chembe nyekundu zenye vimelea zinapopasuka. Dawa ikishaua vimelea, protini haiondoki siku hiyo hiyo. Inaweza kukaa wiki mbili, na kwa wengine zaidi ya mwezi. Ni kama moshi unaobaki jikoni baada ya moto kuzimwa. Kipimo kinasema kweli kwamba protini ipo, ila hakiwezi kusema kama kimelea kiko hai. Darubini ndiyo inayoonyesha vimelea vyenyewe.

Kwa nini jambo hili ni zito kwetu

Vimelea vyenye badiliko la vinasaba liitwalo R561H, linalopunguza kasi ya dawa za jamii ya artemisinin, vimepatikana Karagwe na Kyerwa. Katika utafiti uliofanyika Karagwe mwaka 2022, zaidi ya mtoto 1 kati ya 10 waliotibiwa kwa dawa mseto walikuwa bado na vimelea siku ya tatu. Hata hivyo, mwisho wa ufuatiliaji, zaidi ya watoto 95 kati ya 100 walikuwa wamepona. Kwa hiyo dawa mseto bado inatibu, lakini usugu umeanza na lazima ufuatiliwe.

Ndiyo maana tusikosee pande zote mbili. Tukidhani kila mstari wa pili ni dawa kushindwa, tutameza dawa bila sababu huku nimonia au ugonjwa mwingine ukiendelea. Tukipuuza homa iliyorudi, tunaweza kuacha malaria ya kweli ikimaliza mtoto.

Ufanye nini

Maliza dozi yote ya siku tatu, pamoja na chakula, hata ukijisikia nafuu. Usirudie mRDT ili kuhakikisha umepona kama huna dalili.

Homa isipopungua au ikirudi ndani ya mwezi mmoja, usinunue dozi nyingine dukani. Nenda kituo cha afya, mweleze mhudumu tarehe uliyoanza dawa, na uulize kama kuna kipimo cha darubini.

Mtoto akipata degedege, akilegea sana, akishindwa kunyonya au kunywa, au akitapika kila kitu, mwahishe kituoni saa hiyo hiyo.