Mgeni na Jembe Lake

Msomaji mwema, wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi wetu twadhani kuwa methali hii yahusu chakula tu, kwa sababu siku ya mgeni huchinjwa kuku. Maana yake ni pana kuliko sahani. Nataka nikuonyeshe ukweli wake mahali ambapo wahenga hawakupata kupaona, yaani katika nchi za kubuniwa ambamo watu wa mabara mbalimbali hukutana kwa kompyuta wakacheza pamoja.

Mmoja wa michezo ya kwanza ya namna hiyo ulizaliwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, ambako Roy Trubshaw aliuanza na Richard Bartle akauendeleza. Haukuwa na picha. Kila kitu kilielezwa kwa maneno. Lakini Septemba 1997 kampuni ya Origin Systems ya Texas, Marekani, ilifungua mchezo mkubwa zaidi, Ultima Online. Humo mlikuwa na nchi iitwayo Britannia, yenye miji, misitu na mapango. Mchezaji alilipa ada kila mwezi, akajichagulia kazi: uhunzi, ushonaji, uvuvi au vita. Haukupita muda mrefu, wachezaji wakazidi 100,000. Watungaji waliwapa uhuru mkubwa, wakitumaini kuwa wema wenyewe watawazuia waovu.

Tumaini hilo halikutimia. Miji ilikuwa na walinzi, lakini nje ya mji hapakuwa na mlinzi. Fikiri hali ya mwanagenzi. Ametoka langoni na silaha dhaifu, amechimba madini mlimani kwa jasho, na sasa arudi mjini kuyauza. Mara watokea watu watatu wenye silaha kali. Wamwua, wachukua kila alichokuwa nacho, wacheka, waenda zao. Ni kweli kwamba aliyekufa alikuwa mtu wa mchezo tu, naye aliweza kufufuka. Lakini saa alizozitumia zilikuwa saa za kweli, na uchungu wake ulikuwa uchungu wa kweli. Wengi walipatwa na hayo mara mbili tatu, wakafunga kompyuta, wasirudi tena.

Dawa nyingi zilijaribiwa. Majina ya wauaji yalitiwa rangi nyekundu, na zawadi ikawekwa juu ya vichwa vyao. Hata hivyo wageni walizidi kutoroka. Mwisho, mwaka 2000, watungaji waliigawa Britannia kuwa nchi mbili zilizofanana. Felucca ilibaki na sheria za zamani. Katika Trammel mchezaji hakuweza kumshambulia mwenzake pasipo ridhaa. Watu wakahamia Trammel kwa wingi, na mwaka 2003 idadi ya waliolipa ada ilifika kiasi cha 250,000.

Je, shida iliisha? Hapana. Sehemu kubwa ya Felucca ikawa mahame. Wakongwe wengine walinung'unika kwamba pasipo hatari ushujaa hauna maana, na kwamba urafiki uliofungwa kwa kulindana umelegea. Usiwacheke, msomaji; neno lao lilikuwa na chembe ya haki.

Basi tazama njia ya pili. Mwaka 2003 kampuni ya CCP ya kisiwa cha Aislandi ilitoa mchezo wa merikebu za angani uitwao EVE Online. Humo hapana mahali palipo salama kabisa, na hila ni sehemu ya mchezo. Mwanagenzi angeweza kuangamia upesi. Lakini mwaka 2004 wachezaji wenyewe walianzisha chama, wakakiita EVE University, na hata leo kipo. Kazi yake ni kumpokea mgeni na kumfundisha kuendesha merikebu, kufanya biashara, kupigana pamoja na wenzake, na kupoteza chombo bila ya kukata tamaa. Aliyefundishwa jana huweza kuwa mwalimu kesho.

Historia hii yatuonyesha njia mbili za kumhifadhi mgeni: ukuta na mwalimu. Ukuta wahitajika, kwa kuwa hapana mtu ajifunzaye huku akinyang'anywa kila siku. Lakini ukuta humwondolea mgeni adui tu, haumpi ndugu. Ndugu hupatikana kwa kushirikishwa kazi. Ndiyo sababu wahenga waliongeza kusema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe si adhabu. Ni alama kwamba shamba sasa ni lake pia.

Hata shuleni kwako ataingia mgeni asiyejua njia ya maktaba wala desturi za bweni. Mwenye kumcheka amfukuza. Mwenye kumwacha kando hamsaidii. Mwonyeshe njia leo, kisha umpe kazi ya kufanya pamoja nawe. Maana jumuiya isiyopata wageni huzeeka pamoja na wakongwe wake, na hufa pamoja nao.