Waya Uliobaki katika Neno: Simu ya Shaba, Intaneti na Ufukwe wa Nyanza-Lac

Mjadala wa kuachana na simu ya waya wa shaba na kuhamia simu ya intaneti umetufikia kutoka nchi ambazo karibu kila nyumba ilikuwa na simu ya mezani. Makala haya yanadai kwamba katika ufukwe wa Burundi, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, swali hilo lina historia nyingine.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kilipokea simu kutoka Kiajemi, ambako sim ni waya, na pia ni madini ya fedha. Kebo ya telegrafu kutoka Aden ilifika Zanzibar mwaka 1879. Mwaka 1890 ikavushwa hadi Bagamoyo na Dar es Salaam. Kupeleka simu kulikuwa kupeleka habari kwa waya. Waya umetoweka, jina limebaki: anayesema simu ya mkononi anasema, kwa asili, waya wa mkononi.

Nyanza-Lac haikuwahi kuwa na enzi ya shaba. Katika Burundi nzima laini za mezani hazikufika laki moja, na nyingi zilikuwa Bujumbura. Waliokimbilia Tanzania mwaka 1972, machafuko yalipoanzia ufukwe huuhuu, waliacha mji usio na simu majumbani. Wengi waliorejea miaka ya 2000, wakiwa na Kiswahili cha Kigoma, walikuta minara. Hapakuwa na cha kuhama kutoka.

Hata hivyo, shaba ilikuwa na sifa moja ambayo watunga sera huisahau. Waya wake hubeba umeme kutoka betri za kituo cha simu, takribani volti 48, kwa hiyo huita hata nyumba ikiwa gizani. Simu ya intaneti hutegemea umeme wa mtumiaji. Nchini Uingereza, ambako mtandao wa zamani umepangwa kuzimwa Januari 2027, serikali ililazimika mwezi Desemba 2023 kuwataka watoa huduma wasitishe uhamishaji wa lazima, baada ya vifaa vya dharura vya wazee na wagonjwa kushindwa kufanya kazi. (Tusiitukuze shaba kupita kiasi: nchini Kenya wizi wa nyaya uliua laini nyingi kabla intaneti haijazigusa.)

Burundi, ambako kaya zilizo nyingi hazina umeme wa gridi, mzigo huo umeangukia mnara. Mnara huwa na betri na jenereta. Jenereta inataka mafuta, nayo mafuta yamekuwa adimu nchini kwa miaka kadhaa. Ziwa lilipofurika mwaka 2024 na kuzamisha sehemu za Rumonge, wakazi hawakuwa na waya wa kurudia. Mkongo wa mwanga wa taifa huongeza kasi ya mawasiliano, lakini haupeleki umeme kwa anayepiga.

Kanuni za Uingereza zinataka mteja anayetegemea simu ya mezani apewe njia ya kupiga dharura kwa angalau saa moja umeme ukikatika. Hesabu hiyo ni ya nyumba. Kanuni ya Burundi inahitaji kutaja saa za betri za mnara, na nani analipia mafuta yake.