Sheria ya Ng'ombe, Maradhi ya Kuku

Nyangezi iko kusini mwa Bukavu, katika uchifu wa Ngweshe, kwenye barabara inayoteremka kuelekea Kamanyola na bonde la Mto Ruzizi. Ng'ambo ya mto huo ni Rwanda. Mtu akiuliza kwa nini kanuni za serikali za kuzuia maradhi ya kuku hazijawahi kuota mizizi vijijini humo, jibu la haraka lipo tayari: dola ya Kongo ni dhaifu, vita vimeichakaza, na veterinere hana hata mafuta ya pikipiki. Jibu hilo halitoshi. Dola ya kikoloni ilikuwa na askari, daftari la kodi na viboko vya kutosha, na bado kuku wa Nyangezi alibaki nje ya sheria. Nashikilia kwamba sheria yenyewe ilitungwa kwa ajili ya mnyama mwingine, na kasoro hiyo ya tangu kuzaliwa ndiyo iliyoisukuma hadi mpakani, ikabaki huko.

Mnyama huyo ni ng'ombe. Katika miaka ya 1890 sotoka ilifyeka mifugo kutoka Pembe ya Afrika hadi kusini mwa bara, na tawala za kigeni zilizokuwa zikijisimika wakati huohuo zikajenga huduma zao za mifugo juu ya hofu ile. Waingereza walianzisha maabara ya Kabete karibu na Nairobi mwaka 1910. Wabelgiji nao walikuwa na wasiwasi wao, hasa baada ya Comité National du Kivu kuundwa mwaka 1928 na kuanza kuwagawia walowezi ardhi katika milima hii. Tarehe 28 Julai 1938 ikatoka dekreti juu ya usalama wa kiafya wa wanyama wa kufugwa. Zana za sheria za namna hiyo zinajulikana popote zilipotungwa: mwenye mnyama atoe taarifa, eneo lifungwe, mifugo isipite njiani, mgonjwa auawe. Kwa ng'ombe, zana hizo zina mantiki. Ng'ombe hutembea barabarani akionekana, hahesabiki kwa mamia katika boma moja, na mwenyewe anajulikana. Katika Bushi, nchi ya Washi wa milima hii, alikuwa pia mahari na kifungo kati ya bwana na mtu wake, hivyo baraza la mwami, yaani chifu, lilikuwa na habari za nani ana ng'ombe na nani hana kabla Mbelgiji hajafika na karatasi zake. Sheria ilikuta daftari limekwisha kuandikwa vichwani mwa watu.

Kuku hana daftari. Hubebwa kwapani au ndani ya kikapu, hupewa mgeni, huuzwa siku ya soko kununua chumvi au daftari la mtoto, na mara nyingi ni mali ya mama wa nyumba, ambaye utawala wa kikoloni haukuwa na mazoea ya kumuuliza lolote. Ugonjwa uliokuwa ukimngoja kuku huyo ulikuwa mpya hata kwa wataalamu: kideri, ambao wengine huuita mdondo, ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1926 huko Java na mjini Newcastle, Uingereza, na kufikia mwaka 1935 ulikuwa umeonekana Kenya. Ukiingia katika kuku wasiochanjwa unaweza kuwamaliza karibu wote ndani ya siku chache. Mwenye kuku anafahamu hivyo, ndiyo maana akimwona mmoja amejikunyata na kutoa kinyesi cha kijani huwakimbiza waliobaki sokoni au chunguni. Sheria inamwita mkaidi. Kwa hesabu zake yeye, kutoa taarifa maana yake ni kuipoteza thamani ya mwisho iliyobaki uani, bila fidia, ili jirani asiyemshukuru apone. Kila kuku anayeuzwa kwa namna hiyo husafirisha virusi hadi kijiji kingine. Kanuni inayodai taarifa bila kulipa, kwa kuku, huchochea kile inachokataza.

Ipo sehemu moja tu ambapo kanuni za kuku hufanya kazi kwa uzuri, nayo ni mahali vifaranga vinapototoleshwa. Sababu yake ni ya kibiolojia. Mwishoni mwa karne ya 19 Mmarekani Leo Rettger alitambua bakteria wa pulorumu, maradhi ya kuhara kweupe yanayoua vifaranga, na baadaye ikabainika kwamba tetea mwenye afya ya nje huupitisha ugonjwa huo ndani ya yai. Mashine moja ya kutotolesha ikipokea mayai ya matetea kama hao, inagawa ugonjwa kwa wateja wote. Kwa hiyo ukipima damu ya kuku wazazi wa shamba moja, umelinda mamia ya mabanda. Marekani ilianza mpango wa taifa wa aina hiyo mwaka 1935, wa hiari, na pulorumu karibu ikatoweka katika mashamba ya biashara. Kenya ina kanuni za vituo vya kutotolesha chini ya sheria yake ya maradhi ya wanyama, na Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2003. Lakini Bukavu imekuwa ikitegemea sana vifaranga na mayai kutoka Rwanda na Uganda, na utegemezi huo ulizidi baada ya vita vya 1996 na 1998, ng'ombe walipoporwa na watu kugeukia kuku na simbilisi. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Sheria inayomlinda mfugaji wa Nyangezi dhidi ya pulorumu ni ya Kigali au ya Kampala, na hana njia ya kuidai itekelezwe.

Hapo mtu atasema: basi mpaka ndio mahali pa kusimama, kwa kuwa dola maskini haiwezi kuwa kila ua, ila inaweza kuwa darajani. Hoja hiyo ina uzito, na kwa shehena ya vifaranga vya siku moja naikubali. Tatizo ni kile mpaka unachozoea kufanya ukiachwa peke yake. Oktoba 2017 maofisa wa Tanzania waliteketeza vifaranga wapatao 6,400 huko Namanga, vilivyotoka Kenya kinyume cha katazo. Sheria iliwaruhusu. Lakini moto huo haukueleza kama vifaranga vile vilikuwa vigonjwa, na aliyeona alijifunza jambo moja, kwamba wakati mwingine apite porini. Mwaka huohuo mafua ya ndege ya H5N8 yalizuka Uganda kando ya Ziwa Victoria, Januari, yakionekana kwanza katika ndege wa porini. Rwanda na Kenya zikafunga milango kwa kuku wa Uganda. Miezi michache baadaye ugonjwa ukathibitishwa Ituri, nchini Kongo, katika kuku na bata wa vijiji vya Ziwa Albert. Ndege wa majini hapiti forodhani. Tena kibali cha karantini hulipiwa ada, ilhali kumtembelea mama mwenye kuku sita mlimani hakuingizi chochote. Ofisi yoyote yenye njaa itakaa kwenye ada, na kulaumu tabia ya watumishi hakubadilishi hesabu hiyo.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: kuku wa kienyeji wametawanyika mno, hakuna kanuni itakayowafikia. Lakini sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na hatua za mwisho, huko Karamoja na Sudan, zilitegemea chanjo inayostahimili joto mikononi mwa wafugaji waliofundishwa kuchanja wenyewe, mahali ambapo serikali haikufika. Kwa kideri ipo chanjo ya jinsi hiyo: I-2, iliyotokana na kazi ya Peter Spradbrow na wenzake katika Chuo Kikuu cha Queensland, ikatengenezwa pia Tanzania na Msumbiji. Inatiwa tone moja jichoni na haihitaji barafu kwa ukali wa zile za zamani. Nakiri ulinganisho huo unachechemea. Chanjo ya sotoka ilimkinga ng'ombe maisha yake yote, hii hurudiwa kila baada ya miezi minne hivi. Na kichupa kimoja kina matone ya mamia ya kuku, ilhali ua mmoja una wachache. Hapo ndipo kanuni ingekuwa na kazi ya kufanya Nyangezi: kupanga siku moja ya kuchanja kwa kijiji kizima, kumpa mchanjaji wa hapohapo ruhusa ya kutoza ada ndogo kwa kila kuku, na kudai kila kasha la vifaranga liingie na cheti cha kuku wazazi. Daraja la Ruzizi linaweza kukagua hilo la tatu. Mawili ya kwanza hayana afisa hadi leo, kwa kuwa dekreti zilizopangwa kwa ajili ya ng'ombe hazikuwahi kumhitaji.