Kilichosalia cha Khutba za Tongoni

Ukitoka Tanga mjini kwenda Pangani kwa njia ya pwani, baada ya kilomita zipatazo 17 utafika Tongoni. Palipokuwa na mji, ambao zama hizo ukiitwa Mtangata, leo pana gofu la msikiti wa mawe ya matumbawe na makaburi yapatayo 40, mengi yakiwa ya nguzo. Nguzo nyingi zimeanguka na paa la msikiti halipo, ila kibla kingali kinajulikana kilikuwa upande gani.

Kila nifikapo hapo hujiuliza swali moja: khatibu wa mji huu aliwaambia nini watu wake? Mji kama huu haukukosa khutba, iwe ya Ijumaa au ya Idi. Lakini hakuna karatasi iliyotufikia. Alilosema juu ya njaa, biashara, au ugomvi wa ndugu limekwenda na upepo. Hata hivyo, nadhani twajua jinsi alivyoanza na jinsi alivyomaliza.

Ushahidi ni huu. Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka 1331, akatua Mombasa na Kilwa, akaandika kwamba watu wa miji hiyo ni wa madhehebu ya Shafi. Tongoni iko kati ya miji hiyo miwili, na pwani yake imebaki na madhehebu hayo mpaka leo. Kwa Mashafi khutba ina nguzo tano: kumhimidi Mungu, kumsalia Mtume, kuusia ucha Mungu, kusoma aya ya Kurani, na kuwaombea waumini. Tatu za mwanzo hurudiwa katika khutba zote mbili, ambazo khatibu hutenganisha kwa kikao kifupi. Dua huwekwa katika ile ya pili. Basi mlango wa kuingilia ni sifa na mlango wa kutokea ni dua. Nguzo za makaburi zimeanguka. Hizi tano zingali zimesimama.

Wala tusidhani kwamba miisho haina historia. Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia kwamba katika enzi ya Bani Umayya, Sayyidna Ali alikuwa akilaaniwa juu ya mimbari. Umar bin Abdul-Aziz, aliyetawala kuanzia mwaka 717 hadi 720, akaiondoa laana hiyo, na mahali pake ikasomwa aya ya 90 ya Sura An-Nahl, inayoamrisha uadilifu, wema na kuwapa jamaa haki yao. Hadi leo aya hiyo husikika mwishoni mwa khutba katika misikiti mingi, na wengi waisikiao hawajui kwamba ilikuja kuziba kinywa cha matusi. Ndipo pia, katika dua ya mwisho, watawala walipotaka majina yao yatajwe, kwani kutajwa mimbarini kulikuwa alama ya kutambuliwa. Mwenye kuushika mwisho wa khutba alishika jambo kubwa.

Baina ya ufunguzi na maudhui pana bawaba ndogo: amma baad. Watu wa Mrima waliichukua bawaba hiyo wakaitia katika barua zao. Barua za kale za Kiswahili kwa hati za Kiarabu huanza kwa maamkizi ya Kiarabu, kisha huja neno la “baada”, ndipo Kiswahili kikaanza kusema shida yake, na mwisho salamu. Tenzi nazo ni hivyo hivyo: jina la Mungu na sala kwa Mtume, kisa, kisha dua na jina la mtungaji. Hapa Tanga, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi, alikuwa mtu wa nyumba ya elimu. Mwanawe, Sheikh Ali bin Hemedi, alikuwa kadhi. Mimbari na utenzi vililelewa jirani.

Nilichelewa kuyatambua haya, kwa kuwa nilijisomea peke yangu bila mwalimu wa kunirudi. Siku moja nilifasiri khutba ya zamani nikaacha ufunguzi na dua, nikiona ni maneno yaliyozoeleka ambayo hayana jipya. Mzee mmoja aliisoma akanirudishia. “Mwanangu,” akasema, “umetuletea mtu bila kichwa wala miguu. Sasa atatusalimiaje, na ataondokaje?” Niliona haya. Nilikuwa nimetunza maneno ya mtu mmoja, nikatupa maneno ya watu wote.

Tangu hapo nashika hivi. Ufunguzi si mahali pa khatibu kujionyesha. Ni mahali pa kuwakusanya watu kwa maneno ambayo tayari ni yao. Hamdala ikichukua nusu ya wakati, maudhui yatakosa pumzi. Na Mtume mwenyewe alihesabu ufupi wa khutba kuwa dalili ya kufahamu. Mwisho nao usiwe hoja mpya. Hoja ikishasemwa, mwombee msikilizaji umwache aende zake, maana kule nje ndiko atakakoitumia.

Katikati ni pa khatibu mwenyewe, na kwa Kiswahili kinachoeleweka na mvuvi. Hapo aseme la mji wake na la siku yake, akijua kwamba hilo ndilo litakalosahauliwa kwanza. La khatibu wa Tongoni limesahauliwa. Lakini wale waliolala chini ya nguzo zile waliombewa naye kila alipomaliza, na Ijumaa hii, msikiti wowote utakaoswali pwani hii, dua ya waumini itawafikia wao pia.