Kitufe Kilichobofywa Mara Nne

Leo nianze kwa aibu yangu. Nilimwandikia mwenye duka la jumla programu ya stoo. Baada ya siku tatu akanipigia: "Kijana, mashine yako imelala." Haikulala. Alibofya Hifadhi, dirisha likaganda sekunde kadhaa likingoja hifadhidata, naye akabofya tena na tena. Mibofyo ikapanga foleni, na shehena moja ya sukari ikaandikwa mara nne! Kosa ni langu, lakini ni kosa lililonizidi umri.

Tangu Windows ya kwanza, mwaka 1985, bofyo na herufi huingia kwenye foleni ya ujumbe, na uzi mmoja huzishughulikia moja baada ya nyingine. Uzi huo huo ndio unaochora dirisha. Uupe kazi ndefu, basi dirisha limekufa. Katika Windows 3.1 (1992) programu moja ikikataa kuachia zamu, nyingine zote zilisimama nayo. Windows 95 ilipunguza balaa hilo, ila ndani ya programu moja hali haikubadilika.

Watu wa Visual Basic walikuwa na dawa yao, DoEvents: simamisha kazi kidogo, shughulikia foleni, kisha endelea. Dirisha lilifufuka, sawa, lakini mtu aliweza kubofya kitufe kile kile kazi ikiwa katikati. Dawa mbaya kuliko ugonjwa, ukiniuliza mimi.

Mwaka 2005 .NET 2.0 ilileta BackgroundWorker ya kufanya kazi nzito kando. Oktoba mwaka huo huo John Gossman wa Microsoft akaeleza mtindo wa Model-View-ViewModel, na WPF ikatoka Novemba 2006. Hapo kitufe hakibebi tena msimbo wa kazi. Kinaunganishwa na amri, ICommand, yenye Execute ya kutenda na CanExecute ya kujibu kama inaruhusiwa. Jibu likiwa hapana, kitufe hujizima chenyewe.

Kisha 2012 C# 5 ikaja na async na await: uzi unarudi kuchora dirisha huku data ikisubiriwa. Tatizo ni kwamba Execute hairudishi kitu, kwa hiyo aliyeiita hajui kazi imeisha lini wala imeshindwa wapi. Ndiyo maana maktaba kama CommunityToolkit.Mvvm zina AsyncRelayCommand, inayoishika kazi yenyewe hadi iishe.

Nimeitumia kwa yule mzee. Sasa Hifadhi inakuwa ya kijivu mpaka hifadhidata ijibu. Mifuko ya sukari tuliihesabu upya kwa mkono, Jumapili nzima.