Majina yaliyozuiwa: kutoka Entebbe hadi Busia

Tarehe 30 Novemba 1953, Gavana Andrew Cohen wa Uganda alimtaka Kabaka Mutesa wa Pili, mfalme wa Buganda, atie sahihi hati ya kukubali sera za Waingereza. Kabaka alikataa. Siku hiyohiyo alipandishwa ndege ya jeshi la Uingereza pale Entebbe na kupelekwa London, asirudi hadi Oktoba 1955. Uwanja ule wa ndege ulikuwa umefunguliwa upya rasmi mwaka 1951 tu, na tayari ulikuwa umepewa kazi ya kumwondoa mtu aliyekataa kunyamaza.

Kwa sisi tunaotoka Petta na vijiji vingine vya Budama, mashariki mwa Uganda, Entebbe ni mbali. Mlango wetu ni Busia na Malaba, kwenye mpaka wa Kenya. Mpaka wenyewe ulichorwa na Waingereza: tarehe 1 Aprili 1902 waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakaupa utawala wa jirani, na jamaa waliokuwa chini ya serikali moja wakajikuta chini ya mbili. Wasamia, Iteso na Wajopadhola hawakuacha kuoana wala kuzikana. Ujamaa huo ndio uliokuja kuwaficha watu pasipoti zilipokuwa hazisaidii kitu.

Wakati wa Idi Amin, mtu aliyetafutwa alijua kwamba Entebbe ni mtego. Majasusi wa State Research Bureau walikuwa wakali, na baada ya makomando wa Israeli kuvamia uwanja huo Julai 1976, hasira za utawala ziliwaangukia hata Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda. Februari 1977 zamu ikamfikia mtu wetu. Charles Oboth-Ofumbi, mwana wa Tororo aliyeandika historia ya Wajopadhola, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Tarehe 16 aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzake Erinayo Oryema. Serikali ikatangaza ajali ya gari. Ikiwa waziri wa mambo ya ndani hakusalimika, mwalimu wa shule angetegemea nini?

Alitegemea njia za panya. Busia ndiko zilikozaliwa boda boda: baiskeli yenye mto uliofungwa juu ya keria, ikimvusha abiria na mzigo wake kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Mwendeshaji aliijua kila njia ya shambani, na hakuwa na orodha ya majina mfukoni.

Njia hizo zilipitika pande zote mbili. Mwaka 1987, Rais Moi wa Kenya alimshutumu Rais Museveni wa Uganda kuwapa hifadhi wapinzani wake, naye Museveni akamrudishia shutuma hizohizo. Desemba majeshi ya nchi hizi mbili yakapigana Busia, na mpaka ukafungwa. Mwaka 1990 Koigi wa Wamwere, mpinzani wa Moi, alitiwa mbaroni: serikali ya Kenya ilisema alikamatwa Nairobi, yeye akasisitiza kwamba alitekwa Uganda. Na Oktoba 1991 mpinzani mwenzake Raila Odinga, akiwa amevaa kama padri, alivuka Ziwa Viktoria kwa mashua hadi Uganda, kisha akaenda Norway. Kwa mtu wa aina yake, kupanga foleni uwanja wa Nairobi kungekuwa kujipeleka rumande.

Siku hizi kumzuia mtu ni rahisi kuliko zamani. Shirika la ndege likimleta abiria asiyeruhusiwa kuingia nchini, hulazimika kumrudisha kwa gharama yake na huweza kutozwa faini. Kwa hiyo serikali haihitaji hata askari. Inatosha kupeleka ilani, na karani wa kaunta aliye ng'ambo atamwambia abiria kwamba hapandi. Ndivyo alivyofanyiwa Kizza Besigye, mpinzani wa Museveni, jijini Nairobi tarehe 11 Mei 2011, siku moja kabla Museveni hajaapishwa. Ndivyo alivyofanyiwa mpinzani wa Kenya Miguna Miguna huko Frankfurt Januari 2020, ingawa Mahakama Kuu ya Kenya ilikuwa imeamuru asaidiwe kurudi nyumbani. Alifukuzwa nchini Februari 2018 na hakukanyaga Nairobi tena kama mtu huru hadi Oktoba 2022, baada ya rais kubadilika. Ubaya wa orodha hizi za majina yaliyozuiwa ni kwamba aliyeandikwa haambiwi ameandikwa na nani, kwa kosa gani, wala aende wapi kulalamika. Hata Nelson Mandela alibaki katika orodha ya Marekani ya washukiwa wa ugaidi hadi mwaka 2008, akiwa amekwisha kuwa rais na kustaafu.

Hapa Busia, marais Museveni na Uhuru Kenyatta walifungua kituo cha pamoja cha mpaka tarehe 24 Februari 2018. Maofisa wa nchi mbili wanakaa ukumbi mmoja, msafiri anakaguliwa mara moja, na wafanyabiashara wa samaki na nafaka wanaokoa muda mwingi. Kituo hiki kina manufaa, sitayakana. Lakini serikali zilipoanza kushirikiana kuwashika wapinzani, sheria ya mpaka iliwekwa kando. Novemba 2024 Besigye alitekwa Nairobi, akapelekwa Uganda bila hakimu yeyote wa Kenya kuombwa ruhusa, na siku chache baadaye akasimamishwa mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Nairobi ilikana kuhusika. Mei 2025 waziri wa Kenya Musalia Mudavadi akakiri hadharani kwamba Kenya ilishirikiana na Uganda.

Oktoba mwaka huo ikawa zamu ya Wakenya. Wanaharakati Bob Njagi na Nicholas Oyoo, waliokwenda Uganda kuiunga mkono kampeni ya Bobi Wine, mpinzani wa Museveni, walichukuliwa na watu wenye silaha. Polisi na jeshi walikana kuwa nao. Baada ya siku 38 walikabidhiwa kwa balozi wa Kenya na kurudishwa kwao kupitia Busia. Museveni mwenyewe akasema kwamba walikuwa mikononi mwa serikali yake. Hawakuwa wamesomewa shtaka lolote.