Kuandika upya hadithi fupi

Kuandika upya hadithi fupi ni kazi ya mwandishi kurudia rasimu yake mara kadhaa, akipunguza, akiongeza na kubadilisha, mpaka hadithi isimame yenyewe. Ni tofauti na kusahihisha tahajia, ambayo ni hatua ya mwisho tu. Mara nyingi kazi hii huambatana na hali ya mwandishi kujitilia shaka: huona maandishi yake hayafai, akayaacha nusu au akayaficha. Makala hii inaeleza hali hiyo kwa waandishi wa Kiswahili, hasa wa Tanzania, pamoja na mifano ya nchi nyingine.

Kutoka masimulizi hadi maandishi

Katika fasihi simulizi hakuna rasimu. Msimulizi hubadilisha hadithi kila anapoitoa, akitazama nyuso za wasikilizaji. Wakichoka hufupisha, wakicheka hurefusha. Kosa la leo hurekebishwa kesho.

Chapa ilibadilisha hali hiyo. Miongoni mwa vitabu vya mwanzo vilivyochapa hadithi za Kiswahili ni mkusanyiko wa masimulizi ya Unguja uliotolewa London mwaka 1870 na Edward Steere wa misheni ya UMCA. Steere huyohuyo ndiye aliyeongoza msafara wa watumwa walioachwa huru hadi Masasi mwaka 1876. Hadithi iliyochapwa haibadiliki tena, wala mwandishi haoni uso wa msomaji wake. Hapo ndipo shaka inapoanzia.

Ugumu wa hadithi fupi

Riwaya inaweza kustahimili sura moja dhaifu. Hadithi ya kurasa nane haistahimili hata aya moja. Kwa kawaida hadithi fupi huwa na tukio kuu moja, wahusika wachache na muda mfupi. Kila sentensi hubeba mzigo wake, na isiyobeba huonekana upesi.

Waandishi wengi wa Kiswahili wanaojulikana kwa riwaya wameandika pia hadithi fupi. Gabriel Ruhumbika alitoa mkusanyiko *Uwike Usiwike Kutakucha* (1978), na Said Ahmed Mohamed *Si Shetani si Wazimu* (1985). *Mayai Waziri wa Maradhi* ya Euphrase Kezilahabi ilitoka kwanza gazetini mwaka 1978, na baadaye ikaupa jina mkusanyiko wa hadithi fupi.

Vyanzo vya shaka

*Lugha.* Lulindi ni kata ya Wilaya ya Masasi katika Mkoa wa Mtwara. Katika eneo la Masasi na Newala watu wengi hukua na Kimakua, Kiyao au Kimakonde nyumbani, na Kiswahili sanifu hukikuta shuleni. Anayeanza kuandika huogopa kuambiwa kwamba neno lake si sanifu. Kwa hofu hiyo huandika Kiswahili cha ofisini, na bibi wa kijijini katika hadithi huzungumza kama msomaji wa taarifa ya habari. Hata hivyo Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe na kukua na Kikerewe, alikuwa miongoni mwa waandishi wakubwa wa Kiswahili. Usanifu unafaa kwa msimulizi anayehitaji kueleweka na wote. Mazungumzo ya wahusika yana haki ya kubaki na ladha ya mahali pao.

*Shule.* Mwanafunzi huzoea insha inayosahihishwa mara moja kwa kalamu nyekundu, ikapewa alama na kufungwa. Hafundishwi sana kuirudia kazi ileile mara ya tatu. Matokeo yake huamini kwamba mwenye kipaji hupata mara moja, na kwamba rasimu mbaya ni ushahidi kuwa yeye hana kipaji.

*Gharama.* Asiye na kompyuta huandika kwa mkono kwenye daftari, kisha hupeleka kuchapishiwa kwa malipo ya kila ukurasa. Kila marekebisho humgharimu tena, kwa hiyo hushawishika kuiita rasimu ya kwanza kazi kamili.

*Soko.* Katika orodha ya vitabu vya fasihi ya Kiswahili iliyotumika kwa miaka mingi katika sekondari za Tanzania, nafasi zilikuwa za riwaya, tamthiliya na ushairi. Nchini Kenya mikusanyiko ya hadithi fupi kama *Damu Nyeusi* na *Tumbo Lisiloshiba* imetahiniwa shuleni. Kwa kuwa shule ni soko kuu la vitabu, mwandishi wa Tanzania hujiuliza kama hadithi fupi ina msomaji.

Namna ya kuandika upya

Hakuna kanuni moja, lakini hatua zifuatazo hutumiwa na wengi:

1. Kuiweka rasimu kando kwa siku au majuma kadhaa, ili mwandishi airudie kama msomaji.
2. Kuisoma kwa sauti. Sentensi inayomkata msomaji pumzi huhitaji kugawanywa.
3. Kutafuta mahali hadithi inapoanzia hasa. Mara nyingi ni aya ya pili au ya tatu. Zilizotangulia ni mwandishi kujipasha moto.
4. Kuondoa maelezo ya hisia ambazo tukio limekwisha kuzionyesha.
5. Kumpa msomaji mmoja anayeaminika, na kumwuliza alichoka wapi badala ya kumwuliza kama ameipenda.

Mfano wa hatua ya nne ni sentensi hii: "Mzee alihuzunika sana na kukata tamaa kabisa kwa sababu korosho zake zilikataliwa ghalani." Baada ya kuandikwa upya inaweza kuwa: "Mzee alirudi na gunia lake lilelile juu ya baiskeli. Alipita baraza la jirani bila kuamkia." Neno huzuni halipo tena, lakini msomaji anayejua uzito wa salamu kijijini ameelewa.

Kazi hii hufananishwa na uchongaji wa Wamakonde, kwa kuwa mchongaji wa mpingo hupata umbo kwa kuondoa. Mfano huo una mpaka: kipande kilichokatwa hakirudi, ilhali mwandishi aliyetunza rasimu zake anaweza kurudisha alichokata. Kwa sababu hiyo inashauriwa kutochana rasimu za zamani.

Kupunguza kupita kiasi

Kupunguza si wema daima. Mwandishi wa Marekani Raymond Carver alikatiwa zaidi ya nusu ya maneno ya mkusanyiko wake na mhariri Gordon Lish. Mwaka 1980 Carver alimwandikia barua ya kumsihi asimamishe uchapishaji. Kitabu kilitoka mwaka 1981 vilevile na kikamletea sifa kubwa. Hadithi jinsi alivyoziandika zilitolewa mwaka 2009, baada ya kifo chake. Wasomaji bado hubishana ni toleo lipi bora. Mwandishi anayejitilia shaka yuko katika hatari ya kukubali kila pendekezo, likiwemo linaloiondoa sauti yake.

Miswada iliyosubiri

Kukaa kwa mswada bila kuchapwa si kipimo cha ubora wake. *Utubora Mkulima* na *Siku ya Watenzi Wote* za Shaaban Robert zilichapishwa mwaka 1968, miaka 6 baada ya kifo chake. Franz Kafka, aliyefariki mwaka 1924, alimwagiza rafiki yake Max Brod achome maandishi yaliyobaki. Brod alikataa na kuyachapisha.

Kwa wasio na rafiki wa namna hiyo, mashindano ni njia mojawapo ya kuitoa miswada sandukuni. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ilianzishwa mwaka 2014, baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023.